Fedha Safi na Fedha Yenye Ghishi: Somo Kutoka Sarafu za Kale za Warusi

Mwenye kusoma mlango wa zaka katika vitabu vya fiqhi hukutana na mas-ala ya fedha maghshushi, yaani fedha iliyotiwa madini mengine. Hukumu yake katika madhehebu ya Imamu Shafii ni fupi: sarafu haihisabiwi kwa jina lake wala kwa idadi yake, bali hutazamwa fedha safi iliyomo ndani yake. Ikitimia dirhamu 200, ambazo kwa mizani ya sasa ni kama gramu 595, ndipo zaka inapowajibu. Wengi wetu hulipita jambo hili upesi, tukidhani kuwa ni shughuli ya masonara tu. Lakini tofauti iliyopo baina ya jina la sarafu na madini yaliyomo ndani yake imepata kuwafilisi watu wa miji mizima, na wengine imewapoteza roho zao. Leo twataka kulieleza jambo hilo kwa mfano wa nchi moja, nayo ni Urusi. Kwani fedha ya Warusi imepitia kila hali: ilikuwa safi, ikawa nyepesi, ikachanganywa kwa dhahiri, ikachanganywa kwa siri, na mara moja ikawa shaba tupu iliyolazimishwa kuitwa fedha. Tena mwanzo wa khabari yenyewe unatoka kwa Waislamu.

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Kuitia fedha shaba si udanganyifu kwa dhati yake. Fedha tupu ni laini. Kikuku au sarafu ikifuliwa kwa fedha tupu hulika na kupindika, na shaba kidogo huipa ugumu. Reale ya Maria Theresa, ambayo wazee wetu wa pwani waliijua sana, ina sehemu 833 za fedha katika kila 1000, na zilizobaki ni shaba; wala hapana aliyelalamika kuwa amedanganywa, kwani kila reale ilikuwa sawa na nyenziwe, na kila mfanya biashara alijua anachopokea. Basi ghishi huanzia wapi, ikiwa haianzii kwenye shaba? Swali hili ndilo tutakalokwenda nalo.

Urusi ya kale haikuwa na machimbo ya fedha. Katika karne ya 9 na ya 10 fedha yake iliingia kwa njia ya biashara kutoka nchi za Kiislamu, kwa dirhamu ambazo nyingi zilipigwa na wafalme wa Kisamani katika miji ya Samarkand na Shash, ambao leo ni Tashkent. Warusi walitoa ngozi za manyoya na watumwa, wakapokea dirhamu. Mpaka leo huchimbuliwa vyungu vilivyojaa dirhamu hizo, katika nchi ya Urusi na mbali zaidi hata Uswidi. Watu wa huko hawakuzisoma maandishi yake. Walizipima kwa mizani, na ikipungua waliikata dirhamu nyingine nusu au robo ili mizani itimie.

Wala tusidhani kuwa ghishi ilikuwa ya Warusi na sisi tulitakasika nayo. Ibn Fadlan, aliyetumwa na Khalifa al-Muqtadir mwaka wa 309 Hijria, yaani 921, kwenda kwa mfalme wa Bulghar kwenye mto wa Volga, alipita Bukhara akaona dirhamu za shaba zikitumika kwa kuhisabiwa tu bila ya kupimwa. Na alipofika Khwarazm akaona dirhamu zilizopunguzwa na kutiwa ghishi. Aliyaandika hayo wazi wazi. Kufikia mwisho wa karne ya 10 dirhamu zenyewe zilizidi kupungua fedha yake, na mwanzoni mwa karne ya 11 mfereji huo wa fedha ya kaskazini ukakauka.

Na wakati huo huo Vladimir, mtawala wa Kiev, aliyeingia Ukristo mwaka wa 988, alitaka kupiga fedha zake mwenyewe zenye sura yake. Zikaitwa srebreniki, jina linalotokana na neno lao la fedha. Lakini nyingi katika hizo zilizopatikana, jina lake ni fedha na mwili wake ni shaba. Hazikudumu. Kisha yakaja mamia ya miaka ambayo Warusi hawakupiga sarafu kabisa. Malipo makubwa yalikuwa kwa mapande ya fedha, na pande la Novgorod lilikuwa na uzito wa kama gramu 200. Neno rubli linatokana na neno lao lenye maana ya kukata. Maadamu fedha hupimwa, jina halina nguvu ya kudanganya mtu.

Sarafu zilirudi mwishoni mwa karne ya 14, zama za Dmitry Donskoy wa Moscow, nchi yake ikiwa chini ya makhani wa Kitatari, ambao walikuwa Waislamu. Hapa pana jambo la kupendeza: katika sarafu za Moscow za zama hizo upande mmoja umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na jina la Sultani Tokhtamysh Khan limo. Hata neno ambalo Mrusi wa leo hulitumia kwa pesa, dengi, amelichukua kwa Watatari.

Lakini kila mji mkubwa ulikuwa na sarafu zake na uzito wake, na wezi wakapata nafasi. Mmoja hukata ukingo wa sarafu kwa mkasi, akakusanya vipande. Mwengine huyeyusha sarafu kumi, akatia shaba au bati, akatoa kumi na tano. Adhabu zake zilikuwa za kutisha: mwaka wa 1533 watu wengi waliuawa Moscow kwa kosa hili, wengine wakikatwa mikono na kumiminiwa bati lililoyeyushwa kooni. Hata hivyo wezi hawakwisha. Dawa ilikuja mwaka wa 1535, wakati Elena Glinskaya alipokuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe mdogo Ivan, huyo ambaye baadaye aliiteka Kazan mwaka wa 1552. Aliamrisha fedha za kale ziyeyushwe, na ikapigwa sarafu ya aina moja kwa nchi nzima, iliyotoka na jina la kopeki kwa sababu ya picha ya mpanda farasi mwenye mkuki, na mkuki kwao huitwa kopyo.

Namna ya kuipiga ilikuwa hivi. Fedha ilisafishwa kwa moto, ikavutwa ikawa uzi, uzi ukakatwa vipande vilivyo sawa, kila kipande kikapondwa kwa nyundo na kugongwa baina ya chapa mbili. Sarafu iliyotoka haikuwa duara; ilikuwa ndogo, ya mviringo mrefu, na Warusi wenyewe huzifananisha hizo na magamba ya samaki. Uzito wake ulikuwa gramu 0.68 tu. Fedha yenyewe ililetwa na wafanya biashara wa magharibi kwa njia ya reale kubwa za Ulaya, ambazo ni ukoo mmoja na hiyo reale ya Maria Theresa. Warusi waliziita yefimki, wakaziyeyusha na kuzisafisha, hata fedha ya kopeki ikawa safi kuliko ya reale iliyotoka. Serikali ilipotaka faida haikutia shaba, bali ilipunguza uzito. Kopeki ya gramu 0.68 ilikuwa kama gramu 0.48 mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka wa 1698 ikafika 0.28. Huo nao ni upungufu, lakini ni upungufu ambao kila mwenye mizani aweza kuuona.

Sasa twaja kwenye kisa chenyewe. Mwaka wa 1654 Mfalme Aleksei Mikhailovich aliingia vitani na Polandi kwa ajili ya nchi ya Ukraine, na mwaka huo huo tauni ikaingia Moscow. Askari walitaka mishahara, na hazina haikuwa na fedha. Washauri wake wakapata hila mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchukua reale, ambayo fedha yake ilikuwa sawa na kopeki 64, na kuigonga chapa mpya iliyosema kuwa ni rubli moja, yaani kopeki 100. Watu walifahamu mara moja. Mwaka wa 1655 serikali ikalegeza kamba, ikagonga reale nyingine alama ndogo na kuzikubali kwa kopeki 64. Hila ya pili ndiyo iliyoleta msiba: zilipigwa kopeki za shaba zenye ukubwa ule ule na chapa ile ile ya kopeki za fedha, na ikaamrishwa kwamba thamani yake ni moja.

Ajabu ni kwamba miaka ya mwanzo watu walizipokea. Jambo hili lafaa kuzingatiwa na wale wasemao kuwa sarafu haipati thamani illa kwa madini yake. Muuza nafaka aliichukua kopeki ya shaba, akanunua kwayo chumvi, na muuza chumvi naye akaipokea. Ingeliweza kudumu hivyo lau mambo mawili hayakutokea. La kwanza, serikali haikujizuia. Ilipiga shaba bila ya kiasi. La pili, nalo ndilo baya zaidi, ililipa kwa shaba na ikadai kodi kwa fedha. Askari alipewa mshahara wa shaba. Alipofika Ukraine wenyeji wakakataa kumuuzia hata mkate. Mkulima aliuza nafaka yake kwa shaba, na mtoza kodi alipokuja akaitupa shaba ile, akitaka fedha. Sasa mtu huyu fedha ataitoa wapi? Hununua kopeki moja ya fedha kwa kopeki mbili za shaba, kisha kwa nne, kisha kwa nane. Kufikia mwaka wa 1663 kopeki moja ya fedha ilitaka kopeki 15 za shaba. Wakulima wakaacha kuleta chakula sokoni, na bei za mjini zikawa haziguswi.

Wakati huo Grigory Kotoshikhin alikuwa karani wa serikali mjini Moscow, na baadaye alikimbilia Uswidi akaandika kitabu juu ya utawala wa Warusi. Aeleza kwamba wafuaji wa kiwanda cha fedha, waliokuwa watu wa maisha ya kawaida, ghafla wakajenga nyumba za mawe na kuwavika wake zao mavazi ya wakubwa. Shaba walinunua wenyewe na kuipiga kwa siri kwa chapa za serikali. Walioshikwa walikatwa mikono. Lakini watu walinong'ona pia jina la Ilya Miloslavsky, mkwewe Mfalme mwenyewe, baba wa mkewe, ya kwamba naye alijipigia shaba yake. Na yeye hakupatilizwa kama walivyopatilizwa wafuaji.

Tarehe 25 Julai 1662, kwa hisabu yao ya zamani, yalionekana Moscow makaratasi yaliyobandikwa yakiwataja wakubwa hao kuwa wahaini. Maelfu ya watu, wengi wao bila silaha, walitoka kwa miguu mpaka Kolomenskoye nje ya mji, mahali Mfalme alipokuwa. Walimzunguka, wakamshika vifungo vya nguo yake, wakamuuliza wataamini nini. Akawaahidi kwamba atachunguza, na mmoja wao akapeana naye mkono kwa ahadi hiyo, kama wafanyavyo watu sokoni wanapokata bei. Wakaondoka. Njiani wakakutana na kundi jingine lililotoka mjini kwa hasira zaidi, wote wakarudi, na kufikia hapo askari wamekwisha kufika. Wengi walizama mtoni wakikimbia. Waliouawa na kunyongwa walikuwa mamia, na wengi kuliko hao walihamishwa pamoja na jamaa zao kupelekwa nchi za mbali.

Mwaka uliofuata, 1663, shaba ilifutwa, na fedha ikarudi. Hazina ilikubali kuzinunua kopeki za shaba kutoka kwa watu kwa kiasi cha kopeki moja ya fedha kwa rubli nzima ya shaba. Basi mtu aliyetii amri, akaweka akiba ya rubli 100 kwa sarafu aliyopewa na serikali yake, alirudi nyumbani na rubli moja. Na aliyeificha fedha yake chini ya sakafu, kinyume cha amri, hakupungukiwa na kitu.

Baada ya hapo Warusi hawakurejea tena kuipa shaba chapa ya fedha. Petro Mkubwa alileta rubli kubwa kwa mfano wa reale, yenye gramu kama 28, na hapo ndipo ulipoingia mchanganyiko unaotajwa kwa kipimo. Kipimo chao kilikuwa zolotniki. Ratili moja ya Kirusi ina zolotniki 96, kila moja gramu 4.27 kwa kukaribia. Basi wakisema fedha ya 84, maana yake katika sehemu 96 fedha safi ni 84, nazo ni 875 katika 1000. Nambari hiyo ya 84 huonekana mpaka leo imegongwa katika vyombo vya fedha vya Urusi.

Hapa ndipo penye funzo la hisabu, na msomaji avumilie kidogo. Rubli ya Petro ya mwaka 1718 ilikuwa ya zolotniki 70, yaani 729 katika 1000. Mwaka wa 1731 Malkia Anna aliifanya ya 77, yaani 802, lakini akapunguza uzito. Fedha safi ikabaki ile ile, kama gramu 20.7. Catherine wa Pili aliishusha ikawa ya 72, uzito gramu 24, fedha safi gramu 18. Paul, mwaka wa 1798, akaipandisha ikawa ya 83 na thuluthi, uzito gramu 20.7, na fedha safi ni gramu 18 vile vile. Tangu 1886 ikawa ya 900 katika 1000, uzito gramu 20, na ukizidisha utapata zile zile 18. Anayetazama usafi peke yake atadhani kuwa rubli ya Paul ina fedha nyingi kuliko ya Catherine, kumbe aliyoitoa Paul ni shaba tu. Kwa hivyo usafi bila ya uzito haukujulishi kitu, na uzito bila ya usafi ni hivyo hivyo.

Ghishi ya siri ilijaribiwa mwaka wa 1726, baada ya kufa Petro, wakati Menshikov alipokuwa na nguvu katika serikali. Zilitolewa sarafu za kopeki kumi zenye zolotniki 42 tu, yaani chini ya nusu, na ili zionekane nyeupe zilitiwa zarniki, ambayo ni sumu. Zilizidi ubaya hata serikali yenyewe ikaziondoa upesi. Na kinyume chake kilitokea Siberia: shaba ya machimbo ya Kolyvan ilikuwa na fedha na dhahabu kidogo ndani yake, na kuzitenga kuligharimu kuliko faida yake. Basi kutoka miaka ya 1760 mpaka 1781 zilipigwa sarafu za shaba nyepesi kuliko za sehemu nyingine za nchi, kwa kuwa shaba hiyo ilikuwa na thamani iliyojificha. Hii twaweza kuiita ghishi iliyogeuzwa, maskini ashike fedha akidhani ni shaba!

Turudi kwenye zaka. Mwaka wa 1867 serikali ilizifanya sarafu ndogo, za kopeki 5, 10, 15 na 20, kuwa na nusu ya fedha na nusu ya shaba, ilhali rubli na nusu rubli zilibaki na usafi wao. Kopeki 20 ilikuwa na gramu 3.6, na fedha safi ndani yake gramu 1.8. Chukua Mwislamu wa Kazan wa zama hizo mwenye akiba ya fedha. Ikiwa akiba yake ni rubli nzima za gramu 18, nisabu humtimilia kwa rubli 34, kwani 33 zina gramu 594 tu. Ikiwa ni sarafu za kopeki ishirini ishirini, kila rubli moja ya hizo ina gramu 9 za fedha, na nisabu haitimii mpaka afike rubli 67. Watu wawili, kila mmoja asema ana rubli 40 za fedha. Kwa kutazama fedha iliyomo, mmoja zaka imemuwajibikia na mwengine bado. Ndiyo sababu wanazuoni hawakuyasikiliza majina.

Na mtu atajuaje? Macho hayatoshi. Sarafu yenye ghishi ikitiwa motoni kisha katika tezabu, shaba ya juu huliwa na kubaki ngozi nyembamba ya fedha, ikang'aa kama mpya. Shaba huonekana pale tu ngozi hiyo inapolika, kwanza katika paji la uso wa mfalme na mabawa ya tai. Sonara huisugua juu ya jiwe jeusi, akafananisha mstari wake na mstari wa fedha anayoijua. Mwenye mizani na bilauri ya maji anaweza kufanya zaidi: fedha safi ni nzito mara kumi na nusu kuliko maji ya kiasi chake, na shaba ni mara tisa kasoro kidogo. Sarafu ya duara isiyofikia kumi ina shaba nyingi, au pengine bati, hata ikiwa nyeupe namna gani.

Fedha ilitoweka sokoni katika Vita Vikuu vya Kwanza, na rubli ya mwisho ya wafalme ni ya 1915. Serikali ya Kisovieti ilipiga tena rubli za fedha za 900 baina ya 1921 na 1924, na sarafu ndogo za nusu fedha mpaka 1931, kisha zikabadilishwa zikawa za nikeli na shaba. Kwetu pia mambo yalikwenda njia hiyo: shilingi ya Afrika Mashariki iliyopigwa kuanzia 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, na kutoka 1948 hata robo hiyo ikatolewa. Aliyerithi kisanduku cha shilingi za kale asizihisabu zote kwa mkono mmoja. Atazame miaka yake.

Na aliyebahatika kushika rubli ya fedha ya Urusi iliyopigwa baina ya 1886 na 1915, aigeuze atazame ukingo wake. Ataona maandishi ya Kirusi yaliyozunguka, yanayosema kuwa ndani yake mna fedha safi zolotniki 4 na dolya 21. Na dolya ni sehemu moja ya 96 ya zolotniki. Akizipiga hisabu atapata gramu 18.